Benki mbili, barabara moja: huku dakika kumi, kule saa nzima. Ni mitambo au ni namna wanavyowaweka wafanyakazi?

#1 Muuza Viazi Nakuru
Wadau, habari. Natoa viazi Molo na Mau Narok, nashusha soko la Wakulima hapa Nakuru. Nina akaunti katika benki mbili, zote ziko Kenyatta Avenue, umbali wa kutembea. Sitazitaja. Kwa macho yangu vifaa ni vile vile: kompyuta, mashine ya kuhesabu noti, kijikaratasi cha namba mlangoni. Lakini ile ya kwanza naweka pesa na kutoka kwa dakika kumi, hata mwezi ukikatika. Ya pili nimewahi kukaa saa moja na nusu, lori liko nje na dereva ananipigia simu kila mara.

Mwaka huu nimeacha kuangalia mashine, naangalia watu. Kule kwa kwanza keshia ni yule yule tangu kabla ya korona. Anajua Jumatatu nakuja na noti nyingi za 50 na 100, ananiwekea nafasi mezani kabla sijafungua mfuko. Kule kwa pili kila baada ya miezi mitatu ni sura mpya. Kijana amevaa kitambulisho cha kampuni nyingine kabisa, si cha benki, na kila pesa ikizidi kiasi fulani anainuka kwenda kumtafuta mkubwa. Kaunta ziko sita, wanaohudumu ni wawili.

Dai langu ni hili: hakuna benki ya haraka na benki ya polepole. Kuna benki inayotunza watu wake na isiyowatunza. Anayepinga aje na sababu.

#2 Ajenti Kondele
Napinga. Mambo ya keshia yamepitwa na wakati. Benki kubwa hapa Kenya zenyewe zinasema zaidi ya asilimia 90 ya miamala inafanyika nje ya tawi: kwa simu, kwa ajenti, kwa mtandao. M-Pesa ilianza Machi 2007, halafu 2009 Benki Kuu ikaruhusu maajenti wa benki, na mchezo ukabadilika. Mimi hapa Kondele nina kibanda, simu mbili na kimashine kimoja. Sina idara ya wafanyakazi. Siku ya watu wengi nawamaliza wote kabla ya giza. Ufanisi ni teknolojia, ndugu yangu. Hamia kwa simu uache kulalamika.

#3 Muuza Viazi Nakuru
@Ajenti Kondele mkulima wa Mau Narok anataka noti mkononi, asubuhi, kabla hajakuruhusu upakie gunia. Nikiuza, mwenye mkahawa ananipa noti. Hizo pesa utaziingiza kwa simu namna gani? Na wewe mwenyewe kasha likikauka unaenda wapi kutafuta pesa taslimu? Si pale pale tawini?

#4 Ajenti Kondele
Hapo umenishika. Naenda tawini, na foleni ni ile ile yenu.

#5 Keshia wa Zamani
Nimesoma kimya lakini hii imenigusa. Nilikaa kaunta miaka 9, tawi moja la Kisumu, kisha nikaacha. Niwaeleze upande wa ndani wa kioo.

Ijumaa moja mwezi umekatika, walimu wote wamelipwa, watu wamejaa mpaka ngazini. Jioni tunafunga, nabalansi: shoti, yaani pesa pungufu, ya 20,000. Nikahesabu tena. Mwenzangu akanihesabia. Tulipindua droo, tukaangalia chini ya kiti, tukapitia karatasi za kuweka moja baada ya nyingine mpaka saa mbili usiku. Hazikuonekana. Usiku huo huo nikapewa fomu nitie sahihi, nikakatwa 5,000 kila mwezi kwa miezi minne. Wakati huo nilikuwa nalipia mdogo wangu karo.

Sasa sikieni kilichofuata. Kabla ya siku hiyo nilikuwa napitisha bando kwa mashine mara moja, nakupa, unaenda. Baada ya siku hiyo nikawa napitisha mara mbili. Halafu nahesabu kwa mkono pia, kidole kwenye sponji yenye maji, noti kwa noti, huku midomo inatembea. Halafu namwambia mteja ahesabu mbele yangu. Mtu aliyekuwa anachukua dakika tatu akawa anachukua nane. Baada ya miezi michache meneja akaniita na karatasi ya tathmini: wateja wangu kwa saa wamepungua, nimekuwa mzembe. Hakuuliza kwa nini, nami sikusema.

Kwa hiyo ndugu wa viazi, mimi nakubaliana nawe ila nakurekebisha kidogo. Si kutunzwa kwa ujumla. Ni hofu. Keshia mwenye hofu ya mshahara wake anafanya kazi polepole, na yuko sahihi kabisa kufanya hivyo.

#6 Mama Omena Kibuye
Pole sana dada. Hizo noti zenu za polepole nyingine ni zangu 😂 Pesa ya samaki ina magamba, ina maji, mashine inakwama inatoa mlio tu. Kulikuwa na binti kaunta ya tatu alikuwa ananifundisha: "Mama, zipange nyumbani, zifute na kitambaa kikavu, picha zote ziangalie upande mmoja." Nikazoea. Nikifika anazichukua kama mtoto mchanga, dakika mbili nimemaliza. Mwaka jana nikakuta hayupo. Nikauliza, wakasema kontrakti imeisha. Aliyekuja baada yake alishika pesa yangu kwa ncha za vidole akaniambia nikazikaushe nirudi. Nimesimama soko la Kibuye tangu alfajiri halafu nirudi!

#7 Wakili wa Mtaani
@Keshia wa Zamani, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata shoti kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Lakini iwe shoti iliyotokana na uzembe au udanganyifu wake. Si kila shoti. Kuna yeyote aliyekaa nawe kuchunguza kama ulizembea kabla ya ile fomu?

#8 Keshia wa Zamani
Hakuna. Ilikuwa saa mbili usiku na matatu za mwisho zilikuwa zinaondoka. Nilitia sahihi nikaenda.

#9 Mtafiti Maseno
Uzi mzuri kwangu kwa sababu ndiyo mada ya tasnifu yangu ya uzamili. Naomba tutenganishe neno moja linalotuchanganya: ufanisi.

Muuza Viazi anapima kwa saa yake ya mkononi. Benki haipimi hivyo. Kipimo kinachosomwa na wenye hisa ni gharama kwa mapato: katika kila shilingi 100 inayoingia, ngapi zimeliwa na kuendesha benki. Inayotumia 45 inaitwa bora kuliko inayotumia 60. Na mishahara ni sehemu kubwa ya hizo gharama. Kwa hiyo ile benki yako ya pili, yenye kaunta nne tupu na vijana wa kampuni nyingine, inaweza kuonekana bora kwenye vitabu kuliko ile unayoipenda! Saa moja na nusu uliyosimama, na mafuta ya lori, haviandikwi popote kwenye hesabu zao. Gharama imehamia kwako.

Kuna kipimo kingine, kilitolewa 1978 na Charnes, Cooper na Rhodes. Unachukua matawi, unaangalia kila moja linaingiza nini (watu, kodi ya jengo, amana) na kutoa nini (mikopo, miamala), kisha unaona nani anatoa kingi kwa kidogo. Aliye mbele anapewa 100 na wengine wanapimwa kwake. Shida yake: kama wote ni wabovu, mbovu mwenye nafuu bado anapata 100.

#10 Mwalimu Kakamega
Mtafiti umeeleza vizuri. Marekebisho kidogo kwa #2: sheria ya benki ilibadilishwa 2009, lakini mwongozo wa Benki Kuu kuhusu maajenti ulitoka 2010.

Nami naongeza sababu yangu. Nadhani mnawalaumu maofisa wa wafanyakazi bure. Kilichopunguza watu kaunta ni ule udhibiti wa riba wa 2017. Benki zilibanwa, zikafunga matawi, zikaachisha watu. Serikali ndiyo iliyofanya foleni.

#11 Mstaafu wa Section 58
Mwalimu, naye mwalimu hurekebishwa. Ni Septemba 2016, riba ya mkopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na ikaondolewa Novemba 2019. Naikumbuka kwa sababu mimi niliondoka 2017, kustaafu mapema kwa hiari. Neno "hiari" lilikuwa kwenye barua. Lakini kama udhibiti ndio uliokuwa chanzo, mbona ulipoondolewa hao watu hawakurudishwa kaunta? Kazi ilikuwa imeshaenda kwa simu na kwa akina Ajenti Kondele. Riba ilikuwa sababu ya kusema, simu ilikuwa sababu ya kutenda. Hayo ni maoni yangu.

Niliingia benki 1986 hapa Nakuru nikiwa karani. Wacha nimpinge na mwenye uzi pia. Anafikiri keshia kukaa mahali pamoja miaka mingi ni dalili ya kutunzwa. Si lazima. Wengi wetu tulikaa kwa sababu ya mkopo wa nyumba. Mfanyakazi wa benki anakopa kwa riba ya chini sana kuliko wewe wa nje. Siku ukiacha kazi, mkopo unageuzwa kuwa wa kawaida, na mshahara umekwisha. Nilikuwa na wenzangu waliochoka, hawajifunzi kitu kipya, hawamwangalii mteja usoni, lakini wangeenda wapi na nyumba Kiamunyi bado ina miaka 11 ya kulipa? Tulikuwa sura zile zile kila siku. Ufanisi haukuwepo.

#12 Muuza Viazi Nakuru
Mzee, hilo sikuwa nimelifikiria. Shikamoo. Lakini yule wangu ananiangalia usoni.

#13 Afisa Mikopo Bungoma
Marahaba za mzee zikija zinipitie na mimi. Bado niko kazini kwa hiyo sitasema mengi.

Mnazungumza kaunta tu. Uharibifu mkubwa uko kwenye tageti. Kila robo ya mwaka napewa: akaunti mpya kadhaa, mikopo ya kiasi fulani, kadi kadhaa, bima kadhaa. Bonasi inafuata hizo namba. Wiki mbili za mwisho wa robo, utaniona sokoni Chwele na tabuleti nikimbembeleza mama wa mboga afungue akaunti, naweka shilingi 100 za mfukoni mwangu ili ihesabike iko hai. Yeye hataitumia. Kwenye ripoti mimi ni shujaa, na kila akaunti kama hiyo benki inaitunza, inaitumia ujumbe, inaipigia hesabu.

Mikopo ndiyo mbaya zaidi. Mkopo unaotolewa tarehe 29 ili tageti ijae unaanza kulala bila kulipwa baada ya miezi mitano, na bonasi imeshaliwa. Anayekuja kuufuatilia si aliyeutoa, maana aliyeutoa amehamishiwa tawi lingine kwa kupandishwa cheo.

Marekani waliyaona haya kwa kiwango kikubwa. Benki ya Wells Fargo, 2016, ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika wafanyakazi wamefungua akaunti kama milioni 2 ambazo wateja hawakuidhinisha, wakikimbiza tageti. Walifukuzwa watu wapatao 5,300. Namba za mauzo zilikuwa zinapendeza mpaka siku hiyo.

#14 Ajenti Kondele
@Afisa Mikopo kumbe ni nyinyi! Nina wateja wana akaunti nne na hawajui namba ya siri hata moja.

#15 Mwalimu Kakamega
Sasa tageti ziondolewe? Mimi nakumbuka benki za zamani kabla ya ushindani. Unamkuta karani anakunywa chai, wewe umesimama, na huna pa kwenda. Ukitaka kufungua akaunti unaombwa barua ya mdhamini. Kulikuwa na usalama wa kazi, kulikuwa na chama, na huduma ilikuwa mbaya. Equity ilianza 1984 kama jumuiya ya kujenga nyumba kule Kangema, ikawa benki 2004, na ikachukua wateja wadogo ambao wakubwa hawakuwataka. Watu wake walikuwa wanatoka nje kutafuta mteja. Bila tageti nani atamfuata mama wa Chwele?

#16 Afisa Mikopo Bungoma
Sijasema ziondolewe, Mwalimu. Nasema zipimwe baada ya mwaka, si baada ya robo. Akaunti iliyo hai baada ya miezi 12 ndiyo ihesabiwe. Mkopo uliolipwa ndio uhesabiwe. Nimeandika hivyo mara mbili kwenye fomu ya maoni ya tathmini. Kisanduku kile nadhani hakuna anayekisoma.

#17 Mstaafu wa Section 58
Kijana wa Bungoma anaongea ukweli. Nitoe kisa kingine ambacho watu wa nje hawakijui: likizo.

Tulikuwa na mwenzetu, mchapakazi kuliko wote. Wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, haugui, haendi likizo. Alipewa cheti cha mfanyakazi bora. Meneja akawa anamwonea huruma, likizo inasogezwa mwaka hadi mwaka. Siku moja akapata ajali ya bodaboda, akalazwa wiki tatu. Aliyekalia kiti chake wiki ya kwanza tu akaanza kupokea wazee wakiuliza akaunti zao. Zilikuwa akaunti zilizolala, za watu wa mashambani wasiokuja mara kwa mara, na alikuwa akizichota kidogo kidogo, akiziba hii kwa ile. Alikuwa haendi likizo kwa sababu hesabu zake hazingesimama bila yeye.

Baada ya hapo kila mtu akalazimishwa likizo ya siku kumi za kazi mfululizo, nje ya jengo, bila kuingia kwenye mtambo. Mtaona ni jambo dogo la ratiba, lakini liliokoa pesa kuliko mashine yoyote tuliyonunua miaka ile.

Na kuhusu shoti ya dada yetu #5: tawi letu makeshia tulipewa posho ndogo kila mwezi kwa ajili ya hatari ya kaunta. Ukipata shoti unaanza kulipa na hiyo. Usipopata ni yako. Tulihesabu mara moja na tulikuwa makini.

#18 Keshia wa Zamani
Mzee, ningepata hiyo posho huenda ningekuwa bado pale.

#19 Mama Omena Kibuye
Kwa hiyo Nakuru mnapewa posho na sisi Kisumu tunakatwa? Na sisi ni jiji tangu 2001, nyinyi ni wa juzi tu 2021.

#20 Muuza Viazi Nakuru
Mama, jiji letu ni changa lakini viazi mnavyokula na hiyo mbuta vinatoka huku 😄

#21 Mama Omena Kibuye
Mbuta haliwi na viazi, linaliwa na kuon, yaani ugali. Njoo Dunga nikuonyeshe.

#22 Mtafiti Maseno
Nirudi kwenye mada kabla hatujaishia jikoni. Kuna swali linalonisumbua na ningependa mnisaidie.

Mwaka 1995 Mark Huselid wa Marekani alichapisha utafiti kwenye kampuni karibu elfu moja. Zile zilizokuwa na mafunzo mazuri, uajiri makini na malipo yanayofuata utendaji zilikuwa na wafanyakazi wachache wanaoacha, tija kubwa na faida zaidi. Tangu hapo wengi tunanukuu: tunza watu, utapata faida. Lakini inawezekana ni kinyume. Benki yenye faida ndiyo yenye pesa za kupeleka watu mafunzo na kuwaajiri kwa kudumu. Benki iliyobanwa inaanza kukodi vijana kupitia kampuni za nje. Basi ile benki ya kwanza ya Muuza Viazi inaenda haraka kwa sababu inatunza watu, au inatunza watu kwa sababu ilikuwa tayari inaenda vizuri?

Nikigawa hojaji siku moja kwenye matawi ya Kisumu nitapata picha ya siku moja. Haitaniambia kipi kilitangulia.

#23 Wakili wa Mtaani
Kwenye hojaji yako weka swali la nani ni mwajiri. Wale wenye vitambulisho vya kampuni nyingine hawako ndani ya mkataba wa pamoja kati ya BIFU, chama cha wafanyakazi wa benki, na Chama cha Mabenki, yaani waajiri. Anafanya kazi ya karani, kiti cha karani, lakini nyongeza ya karani haimfikii. Na benki ikipunguza watu wake wa kudumu, kifungu cha 40 cha ile Sheria ya Ajira kinadai notisi ya mwezi na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Yule wa kontrakti ya miezi mitatu mitatu, mwaka kamili haufiki kwenye karatasi. Hapo ndipo unafuu wa gharama unapotoka.

#24 Afisa Mikopo Bungoma
Na mafunzo pia. Hakuna anayempeleka kozi mtu atakayeondoka Aprili. Ndiyo maana anainuka kila mara kumtafuta mkubwa: hajapewa uwezo kwenye mtambo wa kuidhinisha, na kila pesa kubwa lazima mmoja aingize na mwingine aidhinishe. Kama mwidhinishaji ni mmoja tu tawi zima na yuko kwenye mkutano wa tageti, kaunta zote zinasimama. Muuza Viazi, siku ukikaa saa moja na nusu, angalia kama mlango wa meneja umefungwa.

#25 Muuza Viazi Nakuru
Nilikuwa huko leo. Ulikuwa umefungwa! Nimekaa dakika 50. Kijana alinyanyuka mara nne, akarudi mara tatu mikono mitupu. Nilimuuliza jina, akacheka kidogo akasema, "Mzee, usilizoee, tarehe 30 naondoka." Nimebaki nalo hilo mpaka sasa.

#26 Mwalimu Kakamega
Mimi bado nasema ushindani na teknolojia vina uzito kuliko mnavyovipa. Lakini hilo la mlango ni kweli, hata shuleni kwetu mwenye muhuri akiwa hayupo hakuna barua inayotoka.

#27 Ajenti Kondele
Nami nasimama na simu yangu. Ila nikubali kitu kimoja: maajenti wawili bora ninaowajua barabara hii walikuwa makeshia wa benki. Benki iliwafundisha, ikawaachia, sasa mimi ndiye ninayeshindana nao. Mmoja ni dada ana kibanda upande wa Ahero, wauza samaki wote wanamfuata yeye. Ana kitambaa mezani, anafuta noti kwanza ndipo ahesabu.

#28 Mama Omena Kibuye
Subiri. Ni mrefu, mweupe kidogo, anaongea polepole?

#29 Ajenti Kondele
Polepole ndiyo. Urefu sijui, huwa ameketi.

#30 Mama Omena Kibuye
Nitumie mahali kilipo hicho kibanda. Jumamosi naenda kuchukua mchele Ahero, nitapita.

#31 Mtafiti Maseno
Mama, ukimkuta ni yeye, muulize kama atakubali kuongea nami nusu saa. Kwenye orodha yangu nina mameneja tu.